Vikwembe Kutoka Sandukuni: Mwongozo wa Kutumia Vitu vya Thamani Kila Siku katika Masisi na Walikale

Katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale, maeneo mawili ya utawala ya jimbo la Kivu Kaskazini, mali ya nyumbani hugawanyika katika mafungu mawili ambayo kila mwenye nyumba huyajua bila kuyaandika popote: vitu vya kutumia na vitu vya kuweka. Katika fungu la pili huingia vikwembe, yaani vile vitambaa vya pamba vyenye nakshi ambavyo kwingineko huitwa vitenge, pamoja na sahani za kauri zilizonunuliwa Goma, bilauri, chupa ya chai, shuka za harusi, viatu vya ngozi, suti ya bwana na redio ambayo bado imo katika katoni yake, vitu vinavyomngojea mgeni, sikukuu au siku ambayo tarehe yake haijulikani. Mwongozo huu unalihusu fungu hilo, na hoja yake ni kwamba kila kitu kina mwendo wa maisha wenye hatua zake, kwamba kuweka kupita kiasi hukikwamisha kitu katika hatua ya kwanza, na kwamba ni kazi ya mwenye nyumba kuzipanga hatua hizo kabla unyevu, panya au vita havijampangia.

Hoja hiyo inatokana na dhana ambayo wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya binadamu, huiita wasifu wa vitu. Mwaka 1986 Igor Kopytoff, aliyekuwa amefanya utafiti miongoni mwa Wasuku wa kusini-magharibi mwa Kongo, alieleza kwamba kitu kinaweza kusimuliwa jinsi mtu anavyosimuliwa, kwa kuuliza kilitoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na umri wake ukisogea kinatarajiwa kufanya kazi gani. Mfano wake ni nyumba ya Wasuku, ambayo huishi takriban miaka 10: huanza ikiwa makao ya mume na mke, au ya mke na watoto wake, ikichakaa hugeuzwa nyumba ya wageni au ya mjane, baadaye huwa mahali pa vijana kukutania, kisha jiko, na mwishowe banda la mbuzi au kuku, mpaka mchwa waiangushe. La kuzingatia ni kwamba katika mwendo huo wote hakuna hatua ambayo nyumba inakaa tupu ikimsubiri mgeni anayestahili.

Kikwembe nacho kina mwendo wa namna hiyo, na wanawake wa Masisi na Walikale wanaufahamu kuliko mtaalamu yeyote. Kikiwa kipya huvaliwa harusini na kanisani. Rangi ikianza kupoa huvaliwa sokoni na katika ziara. Baada ya hapo huenda shambani, hubeba mtoto mgongoni, humfunika usiku, na kikishalegea kabisa hukatwa vipande vya kufungia mtoto mchanga au vya kushikia sufuria jikoni. Kikwembe kilichopitia hatua hizo zote kimewahudumia watu wengi kwa miaka mingi, na bei yake, hata ikiwa kubwa, ikigawanywa kwa siku za matumizi huwa ndogo sana. Kile kilichofungiwa, kwa upande mwingine, hukaa katika hatua ya kwanza miaka 10 au 15, kisha siku sanduku linapofunguliwa hukutwa kimeliwa katika mikunjo, na hivyo kinatoka kwenye upya na kuingia moja kwa moja kwenye uchakavu bila kumfaa mtu yeyote katikati.

Kwa nini watu huweka

Si haki kumlaumu mwenye sanduku kabla ya kuzieleza sababu zake, kwa kuwa historia ya nchi imempa sababu nzito. Tarehe 25 Desemba 1979 serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitatumika tena, na wananchi wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, muda usiotosha kwa mkulima wa kijijini anayeishi mbali na benki. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, ambayo moja ilikuwa sawa na milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, ambayo moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeyaona mambo hayo katika umri mmoja hujifunza kwamba fedha ya karatasi huyeyuka ilhali kitambaa kizuri, ng'ombe au sufuria havifutwi kwa tangazo la redio, na kwa hiyo huihamishia akiba yake katika vitu. Zaidi ya hayo, katika Walikale, eneo lenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000 za misitu na barabara mbovu, bidhaa nyingi hufika kwa pikipiki, kwa migongo ya wapagazi au kwa ndege ndogo, ambazo kwa miaka kadhaa zilitua barabarani penyewe huko Kilambo kuchukua madini ya bati, na gharama hiyo ya usafiri huongeza uzito wa kila sahani iliyofika salama.

Hata hivyo, eneo hilohilo lina mfano wa kale unaoonyesha kwamba akiba na matumizi si lazima viwe maadui. Katika biashara ya karne ya 19 iliyozunguka Ziwa Kivu, bangili za nyuzi za mimea zilizoitwa butega, zilizosukwa na watu wa magharibi mwa ziwa, wakiwamo Watembo, zilitumika kama fedha ya kununulia chakula na mifugo, na wakati huohuo zilivaliwa miguuni na wanawake, hasa upande wa Rwanda. Akiba hiyo ilitembea na mwenyewe, ikaonekana, ikapendeza, na ilipohitajika ikavuliwa na kulipwa.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kivitendo ni kutenganisha akiba na hazina, maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Akiba, katika maana inayotumika hapa, ni kitu kinachowekwa ili kiuzwe au kibadilishwe siku ya shida, kama vile ugonjwa, karo ya shule au kilio. Hazina ni kitu kinachopendwa kwa uzuri wake au kwa kumbukumbu ya aliyekitoa, ambacho mwenyewe hana nia ya kukiuza hata kidogo. Kipimo ni rahisi: msomaji ajiulize kama mtoto akipelekwa hospitali usiku huu kitu hicho kitauzwa kesho asubuhi, na kama jibu ni ndiyo, basi kitu hicho ni akiba na kina haki ya kubaki kilivyo. Kikwembe kizima cha yadi 6, ambazo ni karibu mita 5.5, kikiwa hakijakatwa wala kufuliwa, kinauzika; kikishashonwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, thamani yake sokoni hushuka mno. Kwa hiyo kikwembe kilichoshonwa na kufungiwa ndicho kilicho katika hali mbaya kuliko vyote, kwa kuwa hakifai kuwa akiba na hakitumiki kuwa hazina, nacho ndicho kinachopaswa kutoka sandukuni kwanza. Vipande vizima viwekewe idadi ambayo nyumba inaona inatosha kwa dharura, na kila kinachozidi idadi hiyo kipelekwe kwa fundi cherehani.

Sababu nyingine ya kuweka ni ya ndani ya nafsi, nayo imechunguzwa. Katika makala yao ya mwaka 2021, watafiti Jacqueline Rifkin na Jonah Berger walionyesha kwamba mtu anapopata nafasi ya kutumia kitu akaiacha ipite, kitu hicho huanza kuonekana kwake kuwa cha pekee zaidi kuliko kilivyokuwa, na kwa kuwa sasa ni cha pekee zaidi, tukio linalofuata nalo huonekana dogo mno kwa hadhi yake. Mzunguko huo hujilisha wenyewe: kikwembe kilichokuwa cha kawaida siku kilipotoka dukani Sake au Goma, baada ya kunyimwa Krismasi mbili na ubatizo mmoja, huwa kitu ambacho hata harusi ya binti haikitoshi. Dawa yake haipo katika kungoja tukio kubwa zaidi, maana kiwango kitaendelea kupanda, bali katika kuamua siku mapema, wakati kitu kinaponunuliwa, na kuitamka mbele ya watu wa nyumbani ili iwe vigumu kuiahirisha.

Kuna pia nyakati ambazo dunia hubadilika kitu kikiwa bado sandukuni. Serikali ya Rais Mobutu ilipoanzisha vazi la abakosti, koti lililochukua nafasi ya suti na tai, mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti na tai vilikatazwa, na ruhusa ya kuvivaa tena ilirudi baada ya hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Suti iliyowekwa kabla ya amri ile kwa ajili ya siku njema ilikuwa na karibu miaka 20 ya kuingojea siku hiyo, na mwili wa mwenye suti haukungoja pamoja nayo.

Suala la vita

Mwongozo wowote wa matumizi ya vitu katika eneo hili utakuwa wa uongo usipozungumzia kukimbia. Mapigano yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, yalienea Masisi, na tangu hapo vizazi viwili vimekua vikijua njia ya kutoka kijijini usiku. Katika miaka ya karibuni kundi la waasi la M23 liliingia Kitchanga Januari 2023, Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi 2025, ambapo lilikaa majuma machache kabla ya kuondoka, na kila mara maelfu ya watu waliondoka na kile ambacho kichwa, mgongo na mikono viliweza kubeba. Mtu anayekimbia huchukua watoto, chakula, sufuria, godoro akiweza, na nguo alizovaa. Sanduku la chuma lililojaa vikwembe vipya ni zito, nalo ndilo huachwa, na ndilo la kwanza kuvunjwa na yeyote anayeingia nyumbani baada ya wenyewe kuondoka.

Kutokana na hali hiyo, watu wengine huhitimisha kwamba hakuna haja ya kumiliki kitu kizuri hata kimoja, na wengine huhitimisha kwamba kizuri kifichwe chini zaidi. Mahitimisho yote mawili ni dhaifu. Kitu kilichotumiwa miaka 5 kabla ya kupotea kimekwisha kutoa miaka 5 ambayo hakuna mwenye silaha anayeweza kuirudisha nyuma, ilhali kitu kilichofichwa miaka hiyohiyo kikapotea kimekuwa, kwa hesabu kali, zawadi kwa mnyang'anyi. Faida ya matumizi katika mahali pa hatari ni kubwa kuliko katika mahali pa amani, na jambo hili, ambalo mara ya kwanza husikika kinyume, ndilo kiini cha mwongozo huu.

Lakini tahadhari inahitajika, kwa sababu kutumia si sawa na kujionyesha. Kikwembe kipya na simu nzuri vinavyovutia macho kwenye kizuizi cha barabarani vinaweza kumletea mwenyewe madhara, na kwa hiyo safari za mbali zifanywe kwa mavazi ya hatua ya pili au ya tatu, huku mavazi ya hatua ya kwanza yakivaliwa nyumbani, kanisani, msikitini na katika ziara za jirani. Vyeti vya kuzaliwa, kadi ya mpiga kura, vyeti vya shule na hati za shamba havihusiki kabisa na ushauri wa kutumia: vifungwe katika mfuko usiopitisha maji, viwekwe mahali ambapo mkono hufika gizani, na visichanganywe na vikwembe sandukuni, kwa kuwa anayezitafuta karatasi chini ya nguo hupoteza dakika ambazo pengine hana.

Maadui walio ndani ya sanduku

Imani kwamba kitu kilichofungwa kiko salama haikubaliani na jinsi vitu vinavyoharibika. Walikale iko kwa sehemu kubwa katika msitu wa mvua, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa hubeba unyevu karibu mwaka mzima. Milima ya Masisi ni mirefu zaidi, na baadhi ya malisho yake yako juu ya mita 2,000, ambako usiku ni wa baridi. Ukungu, yaani ule utando wa vijidudu vya jamii ya uyoga unaoacha madoa meusi au ya kijani, huanza kustawi pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 65 hadi 70 na hewa ikawa haizunguki, na sanduku lililofungwa katika chumba cha sakafu ya udongo huwa na mambo hayo yote mawili. Sanduku la chuma huongeza tatizo la tatu, kwani usiku chuma hupoa haraka, mvuke uliomo ndani hugeuka matone kwenye kifuniko, na matone huviangukia vikwembe vya juu, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni paa linalovuja.

Kikwembe kipya kina udhaifu wake wa pekee. Vitambaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimetiwa wanga ili viwe vigumu na ving'ae, na wanga ni chakula cha mende na wadudu wengine walao nguo, ambao wakiufuata hula na pamba iliyo chini yake. Kitambaa cha hazina ambacho hakitavaliwa kwa majuma kadhaa ni bora kifuliwe kwanza kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kikaushwe kivulini kikiwa kimegeuzwa ndani nje, na kihifadhiwe kikavu kabisa. Desturi ya kukiloweka katika maji ya chumvi ili rangi ishike haina madhara makubwa, ila haikiongezei chochote kitambaa ambacho rangi yake ilikwisha kukazwa kiwandani. Vikwembe vya wax halisi, kama vile vya kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, hupigwa chapa ya nta ya utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, na kwa hiyo nakshi yake huonekana sawasawa mbele na nyuma. Kitambaa cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya kufuliwa na kuvaliwa, na anayekiogopa maji anakidhania kuwa dhaifu kuliko kilivyo. Kinachokivunja ni mkunjo uleule unaokaa mahali palepale kwa miaka, kwa sababu nyuzi zilizo kwenye ukingo wa mkunjo hukatika moja moja. Anayelazimika kuweka na akikunje upya kila baada ya miezi michache, kwa mistari tofauti.

Vidonge vyeupe vya naftalini, ambavyo hutiwa masandukuni ili kufukuza wadudu, vinastahili onyo la peke yake. Mvuke wake huingia katika nguo, na mtoto mchanga akifungwa katika nguo hizo anaweza kuuvuta au kuupokea kwa ngozi. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, yaani protini inayozilinda chembe nyekundu za damu, hali ya kurithi ambayo imeenea katika nchi zenye malaria, mvuke huo unaweza kuzipasua chembe hizo na kuleta umanjano mkali unaohatarisha ubongo na uhai. Nguo na shuka zilizowekwa kwa ajili ya kumpokea mtoto, ambazo mara nyingi ndizo zinazotunzwa kwa upendo mkubwa kuliko zote, zisiwekwe kamwe pamoja na naftalini, na zilizokwisha kuwekwa humo zisimguse mtoto mpaka zifuliwe mara kadhaa na kuanikwa nje hadi harufu iishe kabisa. Ikiwa harufu haiishi, zitafutiwe kazi nyingine. Nguo inayofuliwa na kuvaliwa kila juma haihitaji kidonge chochote.

Viatu navyo huwashangaza wengi. Soli nyingi za kisasa hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki laini ambayo hushambuliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kama haijawahi kukanyaga ardhi, na matokeo yake ni kwamba kiatu kilichotunzwa katika boksi kwa miaka kadhaa huvunjika vipandevipande saa ya kwanza ya harusi, ilhali kile kilichovaliwa Jumapili zote za miaka hiyo kimekwisha kulipa bei yake. Redio iliyowekwa na betri ndani yake huharibika zaidi kuliko inayosikilizwa kila jioni, kwa sababu betri kuukuu huvuja kemikali zinazokula nyaya, kwa hiyo betri zitolewe. Simu ya akiba isiachwe ikiwa imekwisha chaji kabisa wala ikiwa imejaa, bali ikae na nusu ya chaji yake. Mafuta ya kujipaka na sabuni za manukato zilizopokewa kama zawadi huchacha au kupoteza harufu, na hakuna sababu yoyote ya kuziweka.

Kwa wafugaji wa Masisi mfano ulio wazi zaidi ni chombo cha maziwa kinachochongwa katika gogo moja, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa icyansi. Mbao hupanuka ikipata maji na hunywea ikikauka, na chombo ambacho hutiwa maziwa, huoshwa na kukaushwa kila siku hukaa katika hali isiyobadilika sana, lakini kikitundikwa ukutani kama pambo hukauka bila mpangilio na kupasuka. Icyansi ya bibi inayotakiwa kuwafikia wajukuu haina budi kuendelea kupokea maziwa. (Nyumba zinazotengeneza jibini la Masisi, ambalo limewahi kusafirishwa hadi Goma na hata Kinshasa, zinaweza kujiuliza swali la jirani na hili: ni mara ngapi kipande kizuri kimebaki mezani kwa waliokitengeneza?)

Namna ya kuanza

Kazi ya kufungua sanduku hufaa kufanywa katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo mvua hupungua katika Masisi. Katika Walikale, ambako mvua haikatiki kwa uhakika, ichaguliwe siku yoyote yenye jua la asubuhi. Kila kitu kitolewe na kuwekwa juu ya mkeka ili kionekane, na sanduku lenyewe lifutwe, lianikwe wazi, kisha liinuliwe juu ya mawe au vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake. Inafaa watu wa nyumbani wawepo, kwa maana vitu vingi vina habari ambazo mtu mmoja tu anazijua, kwamba kikwembe hiki kilitolewa na shangazi siku ya mahari, kwamba bakuli lile lilinusurika safari ya kutoka Nyabiondo, na habari hizo zisipotajwa mbele ya watoto hupotea kabla ya vitu vyenyewe.

Kisha kila kitu kipewe hatua na mtu. Kupewa hatua ni kuamua kwamba kikwembe hiki kitakuwa cha ibada mwaka huu na cha sokoni mwaka ujao. Kupewa mtu ni kumtaja atakayekivaa, atakayelia chakula humo au atakayekirithi. Kitu ambacho hakipati hatua wala mtu, wala hakiingii katika akiba, kitolewe kwa jirani aliyerudi kutoka ukimbizini na kukuta nyumba tupu, na katika Masisi ya sasa hakuna haja ya kumtafuta mbali.

Sahani na bilauri ndizo zenye upinzani mkubwa, kwa kuwa watoto huvunja. Ni kweli huvunja, na sahani 6 za kauri zikitumiwa kila siku pengine mwaka ujao zitabaki 4. Lakini mtoto ambaye hajawahi kushika kauri nyumbani kwao huishika kwa woga nyumbani kwa watu, na woga huangusha vyombo kuliko uzoefu. Njia ya kati ni kuanza na mlo mmoja kwa juma, kwa mfano sombe (majani ya muhogo) na ugali wa Jumapili, watoto wakiosha vyombo wenyewe chini ya usimamizi, na kuongeza milo kadiri mikono inavyozoea. Mgeni hapotezi heshima yake kwa sababu wenyeji walikula katika sahani hizohizo jana. Anachokiangalia ni usafi wa sahani na kilichomo ndani. Sahani za bati zenye rangi ya kioo zikibanduka na kuonyesha chuma cheusi zina kutu, na zihamishiwe katika kazi zisizo za chakula.

Vipo vitu ambavyo kwa haki hubaki vimefichwa, na mwongozo huu hauvigusi. Miongoni mwa Walega, majirani wa kusini wa Walikale, chama cha Bwami, ambacho mtaalamu wa anthropolojia Daniel Biebuyck alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973, kina vinyago vya pembe na vya mti viitwavyo masengo, ambavyo huhifadhiwa katika mifuko na vikapu na huonekana tu na walioingizwa katika daraja husika. Lakini hata hivyo vilitolewa kila ibada ilipofanyika, vikapakwa mafuta, vikachezewa ngoma, vikafundishia, na mng'ao unaovifanya vitamaniwe na majumba ya makumbusho ya Ulaya ni kazi ya mikono na mafuta ya vizazi. Katika utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, uliochapishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa huzaliwa akiwa na mgwisho wake, uitwao conga, mkononi, na nguvu za mgwisho huo huonekana unapotumika. Usimulizi hauujui mgwisho uliowekwa.

Suala la mwisho ni urithi, ambalo wengi hulitaja kuwa sababu ya kuweka. Kanuni ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, na mjane au mgane, wazazi na ndugu katika daraja la pili, lakini katika misiba mingi sanduku hufunguliwa na ndugu kabla sheria haijatajwa, na vikwembe vipya, kwa kuwa havina alama ya mtu, ndivyo vinavyogombewa zaidi. Kikwembe ambacho kijiji kizima kimemwona mama akikivaa, kisha kikaonekana begani kwa binti yake wakati mama yu hai, hakina mgogoro wa namna hiyo. Msomaji anayetaka binti yake apate kitu fulani ampe sasa, mbele ya mashahidi, katika siku ya kawaida, na amtake akivae Jumapili ijayo.